Sauti ya Baba Neema kwenye Mkanda

Njombe, Jumatano

Hata salamu yake ya "Kamwene" sikuitambua. Kwenye mkanda wa harusi yetu marehemu mume wangu anasalimia wageni, lakini leo, kwa fundi wa Makambako aliyeuhamishia kwenye kompyuta, sauti yake ilitoka ikikwaruza kama bati linaloburuzwa.

Fundi alikiri kwamba alipouhamisha alirekodi kwa sauti ya juu mno. Inabidi aishushe, aucheze mkanda upya. Kisha akaunusa.

"Mama Neema, huu uliukausha jikoni?"

Niliutunza darini, juu ya moshi, pamoja na mbegu za mahindi, usipate unyevu. Nilidhani nautunza.

"Umekauka. Ukipita tena kwenye mashine unaweza kukatika. Nianze?"

Nilimwambia asubiri hadi kesho.

Ninaogopa. Sasa hivi nimejaribu kuikumbuka sauti yake mwenyewe, bila mkanda. Imekuja ile ya bati.