Kamera ya mtaa na uani kwangu

Mwenzangu, nimerudi sasa hivi kutoka ofisi ya mtaa.

Ile kamera ya serikali tuliyoiomba wenyewe kwa ajili ya wezi, kumbe inaona mpaka uani kwangu.

Nilikwenda kuulizia maji tu. Afisa akaniambia, tena anatabasamu, "Bibi, hongera, unamwogesha babu vizuri."

Unamwogesha babu. Mume wangu tangu apooze anaoga kwenye kiti pale uani, kumbe ofisi nzima inamtazama uchi.

Nikamwambia, "Igeuzeni itazame barabara, mwizi gani anapita kwenye beseni langu?" Akajibu, "Ni kwa usalama wenu, bibi. Amri inatoka juu."

Leo mume wangu nimemwogesha jikoni. Kaniuliza mbona hatutoki. Nimemwambia nje kuna baridi, na jua lote hili.