Sweta ya Maruni Niliyoifumua

Mpendwa Nafula, binti yangu,

Si eti uko Ulaya. Uko Kayole, na mimi niko papa hapa Mbotela, kwenye nyumba uliyokulia, na hii ni Krismasi ya nne inayokuja bila wewe kuvuka mlango huu. Nikikupigia simu unapokea, sitakusingizia. "Niko poa mathe, kazi tu imenibana." Halafu unakata. Ndiyo sababu nimeamua kuandika, maana karatasi haina kitufe cha kukata.

Leo nilitoa shada la Krismasi kwenye mfuko wake nilitundike mlangoni, nikashindwa. Nimekaa nalo mapajani tangu nipige deki.

Unakumbuka tulivyokuwa tukitengeneza mashada? Shule zikifungwa tu, nilikuwa nakuvua ile sweta ya kijani ya shule ya msingi, naifumua yote, kola mpaka mikono. Uzi ulitoka umejikunja kama tambi. Tuliufua, tukauanika tukiwa tumeufungia chupa ya maji kwa chini ili unyooke. Kisha nilifuma mkanda mrefu wa misuko, tukauzungusha kwenye henga ya nguo niliyoikunja duara, na mlango wetu wa mabati ukawa na shada kama la wakubwa. Januari nilifumua shada, uzi ukarudi kuwa sweta, kubwa kidogo, yako au ya mdogo wako Wekesa. Majirani waliuliza tunanunua wapi mapambo, nawe uliwajibu kwa maringo kwamba ni siri ya familia.

Kazi yako ilikuwa kushika spoki ya baiskeli. Bila hiyo sindano ya tatu hakuna msuko: vitanzi vitatu vinangoja kwenye spoki huku mbele, vitatu vinavyofuata vinafumwa kwanza, ndipo vile vya kwanza vinarudi na kupita juu yake. Ulikuwa unaishika ulimi ukiwa nje. "Mathe, si ni kama unasuka mlango nywele?" uliniuliza ukiwa darasa la pili, nikacheka mpaka vitanzi vyote vikaniponyoka. Nilikufokea, halafu nikacheka tena.

Ukamaliza kidato cha nne, ukaja nyumbani na sweta ya maruni ya sekondari niliyokufumia mwenyewe. Wekesa alikuwa bado shule ya msingi, kwenye kijani, kwa hivyo hiyo haikuwa na wa kuirithi. Nikajiambia, basi hii itakuwa shada lisilofumuliwa Januari, likae miaka yote, watu wajue mtoto wangu amemaliza sekondari. Kusema kweli niliona ninakuheshimu. Ulikuwa umeenda mazoezi ya kwaya. Niliigeuza ndani nje, nikakuta kwenye pindo nyuzi za rangi rangi, na kwa kuwa zilinizuia kufumua, nilizikata moja moja kwa wembe. Nikazifagia nje.

Yalikuwa majina. Wasichana wa bweni lenu walikuwa wameshona, kila mmoja jina lake, na mmoja wao alikuwa Mueni, rafiki yako aliyeugua akafa kabla ya mtihani. Uliporudi kutoka kwaya hukulia. Ulitazama ule uzi kwenye kikapu changu ukasema, "Mathe, hata hii moja hungeniachia?" Na mimi, badala ya kufunga mdomo, nikakujibu, "Ni nyuzi tu, Nafula. Nitakushonea zingine." Ulirudia jina la Mueni mara mbili, nami nikaendelea kubishana.

Tangu hapo nimejitetea kwa kila mtu. Kwa Wekesa, kwa kina mama wa kanisa, kwa Mungu nikiwa nimepiga magoti. Sikujua, hakuniambia, nilikuwa na nia njema. Nimechoka, Nafula. Bega la kulia halinyanyuki vizuri siku hizi, lakini si hilo linalonichosha. Kinachonichosha ni kuwa na jibu kila siku na hakuna anayeniuliza.

Nilikuwa nimepanga kulifumua shada hili leo, nikufumie upya ile sweta, nikuletee huko Kayole kama zawadi. Nikautafuta mwanzo wa uzi, nikaupata, mkono ukakataa kuvuta. Sweta naweza kuirudisha yote, kola, mikono na pindo. Lakini Mueni hatakuja kushona tena. Ule uzi aliupitisha yeye kwa vidole vyake akiwa mzima, anacheka na nyinyi, na mimi niliukata bila hata kusoma umeandika nini. Nimelirudisha shada mfukoni. Mlango mwaka huu utakaa hivyo hivyo.

Sikuandikii ili uje. Ukija nitafurahi mpaka nilie, usipokuja nitaelewa. Nimekosa, mwanangu. Ni kweli sikujua nilipokata. Lakini uliponiambia nilijua, na bado nikabishana nawe. Hilo ndilo ninaloliombea msamaha.

Ukae salama,

Mama yako