Kizimba cha Kijani

Jumapili, Agosti. Jua limegoma tangu asubuhi na Shauri Moyo nzima imevaa sweta. Mimi sisikii baridi. Nina hasira.

Hii blogu niliifungua niweke picha za mageti na madirisha, wateja wanione. Kama umekuja kutafuta geti, pita tu, leo hakuna picha. Leo naandika kwa sababu nikianza kusema kwa mdomo nitapiga kelele, na hizi nyumba za zamani ukuta wangu ndio ukuta wa jirani.

Wiki mbili hivi zilizopita Mama Mumbua alinipigia simu. Huyo ni mama wa binti yangu. Tuliachana Mumbua akiwa ndio anaanza shule, sasa ana miaka kumi na mmoja, na muda huo wote hakuwa amewahi kulala kwangu hata siku moja. Huletwa Jumamosi, anakunywa soda, ananiambia shule ni sawa, jioni anachukuliwa. Sababu zipo kila mara. Choo ni cha nje. Chumba ni kimoja. Moshi wa soko la Gikomba utamletea kifua. Zote ni za kweli.

Siku hiyo akasema, "Mumbua anataka kukaa kwako likizo hii. Yote. Ni yeye ameomba, si mimi."

Niliketi juu ya geti la mtu ambalo hata bawaba sikuwa nimeliwekea.

"Lakini kuna Majivu," akaongeza.

Nikauliza Majivu ni nani.

Majivu ni chinchila. Kama hujui chinchila, usione haya, hata mimi sikujua. Ni mnyama wa manyoya, ukubwa wa sungura mchanga, masikio ya panya, mkia wa kindi, rangi ya jivu la makaa. Asili yake ni milima ya baridi huko Amerika ya Kusini. Jinsi alivyofika Nairobi mimi sijui, ila najua aliyemnunua. Ni Denis. Denis ndiye mume wa Mama Mumbua siku hizi. Mumbua humwita Anko Denis, na hilo neno anko huwa namshukuru Mungu kwalo.

Kizimba chao cha nyumbani ni cha ghorofa, kimefungwa ukutani, hakiondoki. "Kama unaweza kumtengenezea Majivu mahali pa kukaa, mtoto atakuja," akasema Mama Mumbua. "Kama huwezi, sema mapema, asikae akingoja."

Kama naweza! Mimi niliyechomelea mageti kuanzia hapa mpaka Makadara! Nikamwambia naweza.

Tuelewane lakini. Mwanamume mwingine ananunua mnyama, mimi namjengea mnyama nyumba, ili binti yangu wa damu apate ruhusa ya kulala kwa babake. Ukiona mtu amefikishwa hapo, mpe pole.

Baadaye Mumbua mwenyewe alinipigia, anaongea kama mwalimu wa zamu. "Baba, sikiliza vizuri. Asikae kwa joto. Asimwagikiwe maji. Kiwe kirefu juu, kwa sababu anaruka. Vibao vya kukalia viwe vya mbao, si plastiki, kwa sababu anaguguna kila kitu, meno yake hayaachi kukua. Na usipake rangi, baba. Usipake chochote."

"Sawa, mama," nikasema.

Nilisema sawa. Naandika hapa nisije nikajidanganya kwamba sikuambiwa.

Agosti kwetu mafundi ni mwezi mkavu. Wazazi wanawaza karo ya muhula unaokuja, hakuna anayewaza geti. Kwa hivyo kizimba cha Majivu kilijengwa kwa mabaki. Fremu niliikata kutoka kwa vipande vya mabomba ya mraba vilivyobaki kwa madirisha ya watu, viwili havikutosha urefu nikaviunganisha. Wavu niliupata kwa muuza skrepa, ulikuwa wa banda la kuku, una kutu lakini imara. Mbao zilitoka kwa masanduku ya nyanya. Niliyavunja, nikang'oa misumari yote, nikapiga msasa mpaka ukipitisha shavu huumii. Nilipitisha langu. Nyasi kavu nilinunua agroveti, duka la dawa za mifugo, zile wanazowauzia wafugaji wa sungura. Joto halikunisumbua, maana hizi kuta za mawe za zamani ni baridi hata Januari. Nikasema, angalau kwa jambo moja nyumba yangu inamshinda Denis.

Trei ya chini alinikunjia Baba Shiko. Huyo ni jirani yangu wa kibanda cha kazi, yeye hutengeneza masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni. Alinikunjia bure, na mdomo wake pia alinipa bure.

"Budaa, unajengea panya ghorofa tatu na wewe unalala chumba kimoja?"

"Si panya."

"Si panya kwa nani? Mlete hapa uone kama paka wa Gikomba atauliza kitambulisho."

Tulicheka mpaka nikazima mashine. Wacha niseme ukweli, nilikuwa na furaha. Sikumbuki kazi nyingine niliyoifanya polepole hivyo kwa kupenda.

Alhamisi nikamaliza. Baba Shiko akakizunguka, akatikisa mlango, akafungua komeo na kulifunga. "Mkono wako uko juu," akasema. "Hii ungeuza mjini wakuite mhandisi. Lakini hiyo kutu, budaa?"

Hapa kwetu kazi isiyo na rangi haijaisha. Ndivyo tulivyofunzwa sote. Fundi akitoa chuma kitupu kibandani, wenzake watauliza kama alikuwa amelewa. Nami nikawaza ni nani watakaokiona. Mama Mumbua angekiona. Na Denis angekiona. Angesimama pale mlangoni na viatu vyake, aone kutu, asiseme kitu kwa sababu ana adabu, kisha aende nayo nyumbani kichwani.

Hiyo ndiyo sababu. Haikuwa nyingine.

Nilikuwa na mkebe wa rangi ya kijani uliobaki kwa geti la kanisa. Nikajiambia rangi ikikauka ni jiwe. Geti lile limepigwa na mvua na jua na halijabanduka hata chembe. Sikuwaza kwamba hakuna muumini anayekuja kuliguguna. Vibao niliviacha, nikapaka chuma peke yake, nikajiona mjanja. Baba Shiko akapiga makofi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, wahenga waliniona nikija.

Ijumaa wakafika wote watatu. Denis ndiye aliyembeba mnyama, ndani ya kikapu chenye mfuniko. Akaingia, akatazama kizimba kutoka juu hadi chini.

"Kazi safi sana, fundi."

Fundi. Jina langu analijua vizuri.

Mumbua alikaribia, akagusa chuma kwa kidole, akakinusa kidole.

"Baba, hii ni rangi?"

"Imekauka, mama. Imekauka kabisa."

Alinitazama. Kisha akamtazama Denis, akamtazama mamake, akanirudia mimi. "Ni nzuri," akasema. "Inapendeza."

Jana ndipo nilipoelewa kule kutazama. Mtoto alikuwa anajua. Angesema neno moja tu tungekiweka kando na mnyama angekaa kikapuni mpaka niparure. Lakini kulisema kungeniaibisha mbele ya wale wawili, akaamua kunyamaza. Binti wa miaka kumi na mmoja alinisitiri, na aliyelipia ni Majivu.

Walipoondoka tulikuwa sisi wawili. Alinionyesha bakuli na mkebe wa unga fulani wa kijivu, laini kama poda ya mtoto. Kumbe chinchila haogi maji, anaoga vumbi.

"Vumbi?" nikamwambia. "Mbona hukuniambia? Vumbi ndio utajiri wetu hapa. Fungua mlango tu!"

Alicheka mpaka akalala kitandani akishika tumbo. "Si hilo, baba! Hilo lako lina misumari!" Tukamtazama Majivu akijibiringisha ndani ya bakuli. Tukala chapati na madondo. Nilimwachia kitanda, nikatandika chini upande wa pili wa pazia, karibu na kizimba. Kabla sijasinzia nilimsikia akiguguna, krr, krr, krr. Nikasema moyoni, anazoea nyumba. Nililala nikitabasamu kama mjinga.

Jana asubuhi Majivu alikuwa amejikunja pembeni. Kidevu kimeloa mate. Nyasi hakuwa amezigusa. Manyoya ya mdomo, yale meupe, yalikuwa ya kijani. Na pembe ya fremu karibu na kibao cha kwanza ilikuwa imebaki chuma kitupu, kinang'aa.

Mumbua hakulia. Ningempa chochote alie. Alichukua simu yangu, na hakumpigia mamake. Alimpigia Denis.

"Anko, Majivu ni mgonjwa. Kuja."

Nilisema twende sisi, agroveti iko hapo karibu, yule kijana anajua dawa. "Wale ni wa ng'ombe na kuku, baba," akasema. Alisema kwa upole, vile mtu humwelekeza mgeni njia. Nikakaa.

Chai haikuwa imepoa Denis akawa mlangoni. Anamjua daktari wa wanyama wa aina hiyo, alikuwa ameshampigia. Hakuniuliza nilipaka nini. Mumbua ndiye aliyemwambia, "Ni rangi ya chuma," akaishia hapo. Hakusema nilionywa. Nilibeba begi la nguo mpaka kwenye gari, begi ambalo hata halikuwa limefunguliwa lote. Mumbua alishusha kioo.

"Asante kwa kizimba, baba."

Afadhali angenitukana. Wote watatu wangenitukana, nami ningepata wa kumjibu.

Leo baada ya ibada ikaja meseji ya Mama Mumbua. Majivu amekula kidogo, daktari anasema atapona. Mungu ni mwema, hilo nalisema kwa moyo wote, maana usiku wa kuamkia leo sikulala nikimwombea kiumbe wa Denis. Kisha meseji ikaendelea: likizo iliyobaki Mumbua atakaa huko, daktari anataka kumwona mnyama tena. Na Denis ameagiza kizimba kidogo cha kusafiria, kwa hivyo usijisumbue.

Usijisumbue! Mtu anakwambia usijisumbue kwa mtoto wako! Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma nimeketi, bado inasema hivyo hivyo. Sikuuliza hicho cha kusafiria kitakuwa kinasafiri kwenda wapi.

Baba Shiko alipita akanikuta nimekitoa nje kizimba changu. Akaniambia kuna mama wa kuku anakitaka, leo leo. "Kiuze, budaa. Kuku hawagugunagi. Utoe hiyo kitu mbele ya macho yako."

Nikamwambia hakiuzwi. Akaniuliza nitakifanyia nini. Nikachukua brashi ya waya.

Nimeparura tangu adhuhuri. Hiyo rangi jamani ni ya kweli, inang'ang'ania. Brashi imeisha meno, nikaingia kwa msasa, nikaingia kwa kucha kwenye pembe ambako msasa haufiki. Waliokuwa wanatoka kanisani wakipita wanasimama. "Fundi, mbona unarudisha kazi nyuma?" mmoja akauliza. Nikamwambia mteja amebadilisha mawazo. Unga wa kijani umenijaa mapajani na puani. Hata chai ya jioni ina ladha ya geti.

Sasa kiko humu ndani, mahali pale pale Mumbua alipokiacha. Chuma kitupu kuanzia juu mpaka chini, hakuna fundi wa hapa angethubutu kukionyesha. Na chuma kitupu na baridi hii ya Agosti ni maadui, kikilala na unyevu siku moja tu, kutu imerudi. Siwezi kukipaka mafuta, Majivu ataguguna. Dawa ni kitambaa kikavu, kila siku, kila waya, kila pembe.

Likizo ndefu ni Desemba. Mumbua hajasema atakuja. Sijamuuliza, kwa sababu yeye angenijibu kwa upole.

Nimechana shati langu moja la pamba, nimelitundika kwenye mlango wa kizimba. Kesho nikiamka nitakifuta kwanza, kisha ndio niende kibandani.