Pamba si wa Kijivu, Mjomba

Merrylands, Jumatano, Oktoba 2021

Mjomba Wekesa,

Leo shajara nimeiacha. Nimeketi na simu mbele yangu, namngoja daktari wa farasi apige, na mtu ninayetamani kumweleza hofu hii ni wewe.

Ni jicho la Pamba. Ana kidonda kwenye kope la chini, upande wa kushoto. Daktari alikata kipande akakipeleka maabara. Ikiwa ni saratani, jicho litatolewa, na bosi amesema wazi kwamba farasi wa jicho moja hatakaa katika mazizi yake. Hakusema ataenda wapi. Sikuthubutu kuuliza.

Ilikuwa hivi. Tangu ulipotutoka, nimemtunza kwa utaratibu wako uleule: losheni puani na kuzunguka macho kabla ya mazoezi, barakoa ya wavu usoni, na kupelekwa malishoni jua likishashuka. (Ungecheka. Siku hizi sote tuna barakoa, yeye machoni, sisi puani.) Ndipo binti yangu Neema akaambukizwa korona kule kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, na sote nyumbani tukawekwa karantini. Pamba akakabidhiwa Fiston, yule Mkongomani wa Fairfield. Si mgeni wa kazi. Ametunza farasi tangu afike nchi hii. Nilimpigia kila asubuhi.

"Dada Rehema, farasi gani huyu anapakwa mafuta kama mzungu wa ufukweni?"

"Mpake tu, kaka."

"Nampaka, nampaka. Wewe pona."

Na pua aliipaka kweli. Lakini barakoa aliivua kwa sababu Pamba alikuwa anajikuna nayo ukutani, na mchana akamtoa na wenzake, apate hewa. Mimi sikuuliza habari za barakoa. Niliuliza losheni tu.

Mlangoni kwake bado pameandikwa "kijivu". Unajua wanavyosema hapa: kila farasi mweupe ni wa kijivu, maana karibu wote huzaliwa weusi au kahawia, wakapauka kadiri wanavyokua. Chini ya manyoya hayo ngozi yao ni nyeusi, na jua haliwasumbui sana. Fiston hajawahi kukutana na mweupe wa namna nyingine. Alimtunza vizuri, Mjomba. Alimtunza kama farasi mwingine yeyote.

Nilipomweleza, alishika kichwa. "Dada, ningejua ningemfunika hata kwa koti langu." Tangu hapo kila siku ananiuliza kama daktari amepiga.

Nakumbuka siku Pamba alipoletwa. Kila mtu alisema wa kijivu. Wewe ukauliza wazazi wake wana rangi gani. Wakasema wote wawili kahawia. "Basi hicho kijivu amekitoa wapi, kwa jirani?" Hata bosi alicheka, baada ya kutafsiriwa. Halafu ukalowesha kidole gumba, ukatenganisha manyoya begani, ukaniita nitazame. Ngozi ilikuwa ya waridi, kama ndani ya mdomo. Ukaniambia miaka yako yote ya usaisi, Nairobi mpaka hapa, hukuwahi kumshika mweupe wa kuzaliwa. "Funua kwanza, Rehema, ndipo useme rangi."

Mazishi yako niliyatazama kwenye simu, nimesimama katika chumba cha chakula cha farasi, kwa kuwa walioruhusiwa kuingia ni wachache. Picha ilikuwa inakwama. Sikuona jeneza likishuka. Hilo bado linanisumbua, lakini kinachonisumbua zaidi ni ile simu ya hospitali, muuguzi alipokushikia sikioni. Nilikuwa nimejiandaa kukushukuru. Hukunipa nafasi. Ukauliza neno moja tu: "Umempaka?"

Simu inaita. Subiri.

Nimerudi. Ni daktari. Amesema ni kuungua na jua, si saratani. Nikaanza kulia, akaniambia nisifurahi haraka: ukingoni mwa kope kuna sehemu ndogo asiyoipenda, atairudia mwezi ujao. Jicho linabaki, kwa sasa. Kwa sasa, Mjomba. Nimeyarudia maneno hayo mpaka Neema akatoka chumbani kuniuliza nazungumza na nani.

Nimempigia Fiston. Kesho asubuhi atakuja kabla ya zamu yake, nami nitalowesha kidole gumba na kumwonyesha lile bega. Kisha tutafuta neno lililoko mlangoni na kuandika "mweupe", kwa herufi ambazo hata mtu mwenye haraka ataziona. Yeyote atakayenishikia zamu baada ya hapo atafunua kwanza. Hiyo ni ahadi yangu kwako.

Lala salama, Mjomba wangu. Jua limeanza kuwa kali, nami natoka sasa hivi. Nakwenda kumpaka.

Rehema