Kazi Yangu kwa Jina la Kidoti

Bweni la Wasichana,
Chumba cha Sita.
Jumamosi, 14 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile jino limeacha kukusumbua. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaochechemea.

Wakati wa likizo ulinifundisha kuandika programu za wavuti. Ukanisisitizia kwamba kila nikifungua bano nilifunge papo hapo, ndipo nirudi kujaza katikati. Kwa njia hiyo nimetengeneza ukurasa wa maktaba ya shule. Amri ya foreach inapitia vitabu kimoja kimoja. Amri ya if ikikuta kimeazimwa, inaonyesha siku ya kurudishwa. Vinginevyo else inasema kipo rafuni. Ilinichukua wiki tatu.

Mwenye kazi bora ndiye atakayetuwakilisha kwenye mashindano ya shule. Rafiki yangu Kidoti, ambaye tunakula sahani moja, aliomba aitazame yangu apate mwanga tu. Nikampa. Jumatano akaiwasilisha kwa jina lake, nami nikapeleka yangu Alhamisi.

Mwalimu wa kompyuta aliziweka bega kwa bega, akaniambia mbele ya darasa kwamba hakutarajia wizi kutoka kwangu. Nikamtazama Kidoti, nikingoja aseme neno. Alikuwa anafuta miwani yake, Mjomba. Miwani safi kabisa. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilidhani ni methali ya kujazia insha.

Sikulia pale. Nilimwomba mwalimu atupe swali jipya, kila mmoja aandike ubaoni bila daftari. Amekubali: Jumatatu, saa nne.

Jana baada ya masomo Kidoti akaja, akakaa kitandani kwangu kama kawaida.

"Shoga, hebu nieleze. Hiyo else inakaa ndani ya bano la if, au nje? Nitaumbuka mwenzio."

Msamaha hakuomba. Shetani alininong'oneza nimdanganye, nikamnyamazisha.

"Nitakufundisha," nikamwambia. "Jumanne."

Tafadhali usimpigie mwalimu simu. Nataka ubao ndio unisemee. Niombee tu nisisahau kufunga bano.

Nisalimie Bibi, na wale mapacha wanaobonyeza kompyuta yako ukigeuka. Mungu awalinde nyote, awape riziki yenye amani.

Wako akupendaye,
Kitindamimba wa dada yako.