Filta Niliyoisahau

Dada yangu mpendwa,

Kabla sijakujulia hali niache nijisifu kidogo, maana nisipojisifu mwenyewe nani atanisifu? Kati ya watoto wote aliowazaa mama, mwenye bahati ni mimi. Bahati ya wengine ni kuokota, yangu ni kusahau. Nimesahau kitu kidogo kama kifuniko cha chupa, na kwa kusahau huko nimekuokolea mume. Tulia, nitakueleza kwa mpangilio, ingawa mpangilio na mimi hatukusoma darasa moja.

Sasa nirudi kwenye adabu. Hujambo, dada? Watoto je, yule mkubwa bado anakohoa? Na mgongo wako, siku hizi unakuruhusu kulala? Mimi ni mzima, nimenenepa kidogo, ila masikio yanavuma kwa sababu ya maji. Nasikia mwenye nyumba bado anataka kubadilisha kitasa cha mlango, na wewe bado unamkatalia, kwa kuwa shemeji akirudi ufunguo wake lazima uingie. Nilipoambiwa nilicheka peke yangu. Nikasema huyo ndiye dada yangu, akishika jambo hata koleo halimbandui.

Najua umeshika neno la yule mchukuzi wa bandarini, aliyekuapia kwamba alimwona shemeji akishuka ngazi ya meli kabla haijang'oa nanga. Wengine wote wanasema fundi mashine haachi mashine zake, alizama nazo. Mimi sikubishana na mtu. Nilijiambia, ya nini kubishana wakati meli yenyewe ipo, imelala chini, na mimi naogelea kuliko samaki wengi ninaowafahamu? Nilipokuaga nikakuambia naenda kutafuta maisha, nilikuwa naifuata meli ile.

Watu wa bima wamemleta mpiga picha wa chini ya maji, aipige picha meli kila upande ijulikane ilipasukia wapi. Tunamwita Bwana Mapovu, kwa kuwa hata nchi kavu anaongea kwa vidole, utadhani bado ana mpira wa kupumulia mdomoni. Msaidizi wake ni mimi. Sikumwambia kwamba nina mtu kwenye meli hiyo, maana sharti lake la kwanza ni kwamba mwenye msiba hashuki.

Kazi yangu ni lenzi na filta. Usicheke. Mimi niliyeiaga shule darasa la sita, tena bila kuagwa nayo, leo natembea na vioo kiunoni ambavyo mwalimu wangu wa hesabu asingeruhusiwa hata kuvigusa. Kamera inakaa ndani ya kasha lenye mpira wa kuzuia maji. Mpira huo naupaka mafuta kila asubuhi kama mtoto mchanga, kwa sababu unywele mmoja ukilala pale, maji yanapenya na kamera inakufa. Lenzi za nje tunazibadilisha hukohuko chini. Ile pana nimeipa jina la Shangazi, kwa sababu akiingia nyumbani anaona kila kona kwa mara moja. Ile ya kukaribia ni Mama Mkwe: nyumba haioni, anaona doa. Bwana Mapovu akigusa sikio, namvua Shangazi, namweka Mama Mkwe, natikisa mapovu yaliyonasa katikati ya vioo mpaka yatoke, naye anapiga. Anasema hajawahi kupata msaidizi mwepesi kama mimi. Anasema yeye au nasema mimi, ni yaleyale.

Lakini elimu yenyewe iko kwenye rangi. Maji ni mwizi, dada, na cha kwanza anachoiba ni wekundu. Ukishuka kidogo nyekundu inafifia, ukizidi inakuwa kijani iliyokolea hadi weusi, kama majani ya chai yaliyokwisha kutumika. Siku moja Bwana Mapovu alijikata kidole kwenye bati, damu ikatoka kijani. Nilirudi nyuma nikiamini nimeajiriwa na jini. Kwa hiyo tukipiga kwa mwanga wa jua unaotoka juu, naweka filta nyekundu mbele ya lenzi, nayo inaurudisha ule wekundu ulioibwa. Tukipiga kwa taa lazima niitoe, kwa kuwa taa peke yake inarudisha rangi zote kama zilivyo. Ukiisahau filta na taa ikawaka, kila kitu kinageuka chekundu: chuma, samaki, mkono wa mtu, hata kile kibao cheupe tunachobeba cha kupimia rangi kinakuwa nyanya. Wanaosahau nimewacheka sana.

Juzi tulifika chumba cha mashine. Meli imelala ubavu na mlango wa chumba hicho umeangalia juu, kwa hiyo mwanga unaingia. Karibu na mlango, kwenye vyuma vya ngazi, palikuwa na mtu aliyenasa. Usiogope, endelea kusoma. Uso sikuutazama, na baada ya miezi yote hii majini usingenifaa kitu. Nilitafuta sweta. Unajua ni ipi: ile nyekundu uliyomfumia shemeji, uzi ukakuishia kwenye mkono wa kushoto ukamalizia kwa mweupe, nikamtania kwamba amechovya mkono kwenye unga. Ya mtu huyu ilikuwa kijani, inaelekea weusi. Moyo wangu ukatua. Yote niliyokuandikia hapo juu kuhusu rangi nilikuwa nayajua, nimewafundisha na wenzangu, lakini pale chini nilijifanya sikusoma. Bwana Mapovu akagusa sikio. Nikamweka Mama Mkwe, nikageuka kumhifadhi Shangazi, na nyuma yangu taa ikamulika mara mbili.

Tulipopanda tukafungua picha kwenye kompyuta, katika kile kiofisi chetu cha mabati chenye feni moja. Sweta ikatokea nyekundu. Kabla mtu hajasema neno nikanyoosha mkono, nikasema kosa ni langu, nimeisahau filta na taa ikawaka, wekundu huo si wa sweta. Niliongea, dada. Hawakuniita Redio bure. Niliwaambia wanifukuze kama wanataka, mzembe mkubwa mimi, mimi niliyewacheka wengine leo nichekwe. Hakuna aliyecheka.

Nakuandikia haraka kwa sababu kampuni ya bima itawaita ndugu wa waliopotea waje waonyeshwe picha, na jina lako limo. Nilitaka ufike pale umeshaisoma barua hii, ili wakikuonyesha sweta nyekundu usitikisike, uwaambie kwamba mdogo wako ndiye aliyesahau filta na mumeo alishuka ngazi. Ndivyo nilivyopanga. Niandike hivyo, nifunge bahasha, basi.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia kwenye mkono wa kushoto. Picha utaiona kwa macho yako, na uzi wako unaujua kuliko Mama Mkwe. Ukingo wa mkono ule ni mweupe, dada. Mweupe kama unga. Filta ingekuwapo, nao ungekuwa mwekundu. Nikajaribu kujiambia kwamba labda shemeji alimwazima mwenzake sweta, akashuka bila hiyo. Shemeji yupi? Huyu aliyeninyima mimi usiku ule wa baridi, akaniambia nikatafute mke wangu anifumie?

Bwana Mapovu alijua nadanganya tangu nilipofungua mdomo. Aliniacha nikamaliza, akawatoa wengine, akafunga picha, akaniuliza taratibu mle ndani nina nani. Nikamwambia, mume wa dada yangu. Hakunifukuza, ila amesema sitashuka tena. Nikamwomba basi wamtoe. Akanieleza, mara hii kwa mdomo, kwamba vyuma vimejikunja, anayeingia huenda asitoke, na kwamba wao wametumwa kuleta picha tu. Hawatamtoa mtu. Nimebaki hapa juu nikipaka mpira mafuta, anashuka na mwingine.

Wasalimie watoto, wakubwa kwa wadogo, na yule mwenye kikohozi umbusu kwa niaba yangu. Mama mwambie wewe, kwa namna utakayoona anaweza kuimeza, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe ulimi wangu umekosa kazi. Siku ya picha nitakungoja langoni, usiingie peke yako. Mwenye nyumba mruhusu abadilishe kitasa. Ile bahati niliyojisifia kule juu haikuwapo. Filta ilikuwa mfukoni mwangu.

Ni mimi mdogo wako,
Redio