Funda la Kwanza

Bombambili, Jumapili

Niwie radhi, daftari langu, kwa ukimya wa miezi. Mwanangu Fidelisi alipokuwa akilala kilabuni, niliona aibu kuandika. Alipoacha pombe, niliogopa kufurahi mapema.

Leo ndugu wamekutana kupanga mapokezi ya wanaomposa binti yake. Kwa desturi yetu, baba wa binti huonja kwanza pombe ya kibuyu chake, ndipo wakwe wanywe kutoka humo humo. Fidelisi ameomba aonje togwa isiyolevya.

"Togwa ya watoto!" dada yangu akacheka. "Funda moja litakuua, baba?"

"Shangazi, hata mara ile nilianza na funda moja."

Hakuna aliyecheka tena.

Baadaye aliniambia pembeni kwamba juzi alijikuta kwenye njia ya kilabuni, ingawa njia hiyo haiji huku kwetu. Muuguzi aliyemsaidia kuacha pombe alikwisha kutuonya: mtu huanza kurudia pombe siku nyingi kabla ya kuionja. Nimefarijika kwamba amesema mwenyewe. Hata hivyo, usingizi sina.

Desturi hii nimeisimamia maisha yangu yote. Wakwe wakionjeshwa togwa, watasema tumewadharau. Na mwanangu akionja pombe...

Wanakuja Jumamosi. Mkubwa wa ukoo ni mimi. Nitaandika tena nikishaamua kitakachotiwa katika kibuyu cha mwanangu.